Kadre ya Kahongya na Swali la Mabinti

Tulimwacha Kavuo mlangoni mwa depo, kufuli mkononi, cheche zikimrukia viatuni, na mzee Éphraïm kachuchumaa chini ya pikipiki ambayo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuigusa mpaka saa ya majaribio.

Wiki nzima mmenisumbua. Éphraïm alikuwa akifanya nini pale? Alikuwa akichomelea. Ni fundi wa kuchomelea, mlitaka afanye nini? Swali la maana ni nani alimtuma.

"Vieux Éphraïm, zima ile mashine."

Éphraïm akazima. Akapandisha miwani yake myeusi kwenye paji la uso, akamsalimu Kavuo kwa heshima zote, kana kwamba wamekutana nje ya kanisa.

"Jambo, patronne. Ulilala muzuri?"

"Ile njo moto ya majaribio?" Moto, kwa lugha ya mjini kwetu, ni pikipiki, na njo ni ndiyo.

"Njo yenyewe."

"Na nani alikutuma uiguse?"

"Mutu moja tu."

"Papa?"

"Mi' sikutaja jina ya mutu."

"Éphraïm!"

Fundi akakuna kidevu. "Alisema niweke fer, kile chuma, chini ya moteur, nipake rangi nyeusi, kisha nisahau. Fer niliweka. Rangi njo ile unaona kwa kopo. Kusahau, bado niko najaribu."

Wewe uliyenunua gazeti leo kwa mara ya kwanza, karibu, na univumilie kidogo, wenzako wanalijua hili. Mzee Melchior Kahongya, baba yake Kavuo, ni mfanyabiashara wa Butembo aliyeanza na makabichi na leo ana pikipiki yenye jina lake. Inatengenezwa Uchina kwa maagizo yake, inaingia ndani ya makasha kupitia mpaka wa Kasindi, na inaunganishwa hapa hapa mjini, kwenye depo anayoisimamia Kavuo. Kwenye tangi imeandikwa KAHONGYA 200 kwa rangi ya dhahabu. Tangazo lake la redioni hata watoto wanaliimba: "Kahongya! Kiki moja, inawaka!" Kiki ni teke la kuwashia injini.

Mwezi jana jarida moja la Beni, liitwalo Kilometa, likaipima. Aliyeipima ni Kaswera, mwanamke anayeendesha pikipiki vizuri kuliko wanaume wengi na kuandika vibaya juu ya pikipiki zao. Aliichukua kama ilivyotoka kwenye kasha, akaipeleka barabara ya Kasugho na abiria mmoja na gunia la viazi. Aliandika hivi:

"Injini ni nzuri, inawaka kwa kiki moja kama tangazo linavyosema. Taa ni nzuri. Tukiwa tunapanda kilima nilisikia chini ya injini sauti kama ya kengele ndogo. Kwenye mteremko uliofuata kadre ilikatika, na mimi na abiria wangu tukaingia katika shamba la maharagwe la watu. Mzee Kahongya ana mabinti. Ningependa kujua kama kuna hata mmoja anayepanda pikipiki hii."

Kadre, kwa asiyejua, ni ule mwili wa chuma unaobeba injini, kiti na wewe mwenyewe. Ikikatika, unabaki na magurudumu mawili yasiyofahamiana.

Mzee Kahongya alijibu kama watengenezaji wanavyojibu. Kwanza aliondoa tangazo lake kwenye jalada la nyuma la Kilometa. Kilometa wakaweka hapo picha ya kadre iliyokatika. Kisha akatuma watu wanunue nakala zote zilizokuwa Butembo, na jarida ambalo halijawahi kumaliza nakala zake likalazimika kuchapwa tena. Kisha akamtumia Kaswera pikipiki mpya kama zawadi, na kikapu cha maparachichi juu ya kiti. Kaswera akala maparachichi, akaipima pikipiki, na kadre ikakatika pale pale ilipokatika ya kwanza.

Ndipo mzee akatangaza redioni: majaribio ya hadharani, Rughenda, barabara ya uwanja wa ndege, mbele ya kila mwenye macho.

Sasa siri, ambayo mjini kwetu si siri hata kidogo. Butembo pikipiki mpya haibebi mzigo siku ya kwanza. Inapelekwa kwa fundi wa kuchomelea, aiongezee vyuma chini na nyuma, ndipo iitwe pikipiki. Wakatoliki huibariki kabla ya kuchomelea. Waprotestanti wengine huiombea baada, wanasema si vizuri kumsumbua Mungu kwa kitu ambacho hakijaisha. Zaidi ya hapo hatuna ubishi.

Mzee Kahongya aliitazama desturi hii kwa jicho la biashara. Kama kila mnunuzi ataipeleka pikipiki kwa Éphraïm, kwa nini kiwanda kiweke lile bomba linalopita chini ya injini? Akaamuru litolewe. Wachina wakauliza kama ameelewa anachokiomba. Kesho yake wakauliza tena. Kavuo ndiye aliyekuwa kwenye simu, na alipewa jibu la kuwapa: waambie Butembo kuna Éphraïm.

Hesabu hiyo ilikuwa na tundu moja tu. Tundu lenyewe ni Kasugho.

Kuna mradi wa afya uliowanunulia pikipiki hizo wauguzi wa Kasugho. Watu wa mradi hufuata kitabu cha garantii, yaani dhamana ya kiwanda, na garantii ya Kahongya inasema atakayechomelea kadre amepoteza haki zake zote. Yaani ukichomelea umepoteza garantii, na usipochomelea umepoteza meno. Mradi ukachagua garantii.

Na kati ya wauguzi wale yumo Eliane, kitindamimba wa Mzee Kahongya. Wiki ile alimpigia dada yake simu kila alipopata mtandao, si kwa habari ya kadre. Alitaka kujua kama kuna pikipiki nyekundu.

Kavuo alimpenda mdogo wake kuliko kitu chochote kilichokuwa ndani ya depo ile, na alikuwa akiogopa. Akifumba macho alimwona Eliane juu ya kadre isiyo na bomba, kwenye mteremko wa maharagwe.

"Nani alizima mashine?"

Alikuwa Mzee Kahongya mwenyewe, mlangoni mwa depo, na koti lake zito na kofia yake ya Misa.

"Ni mimi, papa."

"Washa, Éphraïm. Rangi inapashwa kukauka mbele ya saa sita."

"Papa, hii ni kudanganya batu."

"Kudanganya nani? Kila mutu wa Butembo anasuder moto yake, anaichomelea. Mi' naonyesha moto vile batu banaitumia. Ule mutoto wa Beni alipanda moto haijaiva. Mutu akikula muhogo mubichi, atasema shamba njo mubaya?"

"Mais garantie inakataza kusuder!"

"Garantie ni mambo ya Bachina."

"Ni weye, papa. Uliniambia niandike vile ju batu basiturudishie moto."

Mzee akafikiri kidogo. "Ilikuwa wazo ya muzuri," akasema.

"Na za Kasugho? Eliane atapanda mbichi?"

"Za Kasugho tutaona kisha majaribio."

"Unaniahidi, papa?"

"Kavuo. Mi' ni baba yenu."

Hilo ni jibu, ila si la swali lile.

Msomaji mmoja wa Kasindi ameniandikia akiuliza kwa nini Kavuo hakumkatalia baba yake pale pale. Msomaji huyo ama hana baba, ama hajawahi kufanya kazi dukani kwake.

Rughenda kulikuwa kumejaa. Watu walipanga foleni pande zote mbili za barabara inayoteremka, wengine juu ya ukuta, wengine juu ya pikipiki zao zilizochomelewa. Wauza mahindi ya kuchoma walifika mapema kuliko waandishi wa habari. Askari wawili waliokuwa zamu karibu na uwanja wa ndege walisogea wakasema wamekuja kulinda usalama, wakaomba mahindi.

Kaswera akafika kutoka Beni na pikipiki yake kuukuu, tope mpaka magotini. Akavua kofia ya chuma na kwenda moja kwa moja kwa adui yake.

"Jambo, papa Melchior."

"Jambo, mutoto wangu. Safari ilikuwa muzuri?"

"Muzuri. Na kwa nyumba?"

"Mungu iko. Ulipata yale maparachichi?"

"Nilipata, papa. Yalikuwa matamu sana."

"Ni ya shamba yangu."

Baada ya hapo wakaendelea na vita.

Pikipiki ya Éphraïm ilisimama katikati ya barabara, inang'aa. Kaswera hakuitazama tangi, wala taa, wala kiti. Alichuchumaa akapitisha mkono chini ya injini. Mkono ukatoka mweusi.

Mzee Kahongya akatoa leso mfukoni na kumpa.

"Rangi haijakauka, papa," Kaswera akasema, akijifuta.

"Butembo iko baridi."

"Na chini ya rangi iko fer. Ile moja mulinitumia haikukuwa na fer."

Kavuo akajua yamekwisha. Baba yake ameshikwa hadharani, jina la tangi limekwisha, na aibu hiyo itafika Kasindi kabla ya jioni. Hata hivyo alipumua. Aibu haijawahi kumvunja mtu shingo.

Lakini Butembo ni Butembo.

"Sasa kosa iko wapi?" akapaza sauti mtu mmoja juu ya ukuta. "Iko soudure! Njo moto ya kweli!"

"Nani anapanda moto bila soudure?" akadakia mwingine. "Ule mama alipanda moto mbichi, kisha analalamika!"

"Hiyo kazi ni ya Éphraïm! Naiona!"

"Éphraïm! Éphraïm!"

Watu wakapiga makofi. Mzee Éphraïm, ambaye maisha yake yote hakuwahi kupigiwa makofi, akavua kofia akainama kushoto na kulia. Mtu akampa hindi.

Hapo Mzee Kahongya alikuwa ameshinda. Angepanda pikipiki yake iliyochomelewa, angeteremka taratibu akiinua mkono, angerudi nyumbani akala. Tungekuwa tumemaliza hadithi, nami ningetafuta kazi nyingine.

Ila masikio yake yalikuwa yakisikia jina moja tu, na halikuwa lake.

"Munyamaze!" akasema. "Ile moto ni ya nani?"

"Ya Éphraïm!" wakajibu wale wa ukutani.

Mzee akabadilika rangi. Miaka yote ile ya makabichi na Kasindi na Uchina, na sasa watu wanamshangilia mtu aliyetia kipande cha chuma chini.

"Sadrack!"

Sadrack ni mkuu wa mauzo. Ndiye aliyebuni "kiki moja, inawaka", na tangu siku hiyo hajabuni kitu kingine.

"Ndiyo, patron."

"Shusha kasha kwa camion, ile lori ya pale. Fungua mbele ya batu. Ile mbichi, hakuna soudure, hakuna rangi. Mi' mwenyewe nitaipanda."

"Papa!" Kavuo akamshika mkono wa koti. "Papa, unajua vile iko."

"Acha koti yangu."

Kasha likafunguliwa. Sadrack na Éphraïm wakafunga gurudumu la mbele, usukani na kioo, watu wakimaliza raundi nyingine ya mahindi. Éphraïm alifanya kazi huku akiitazama ile nafasi tupu chini ya injini kwa uchungu, kama mtu anayevisha mtoto shati bila suruali.

Kaswera akamvuta mzee pembeni.

"Papa Melchior, acha. Mi' niliandika ju ya moto. Sikuandika ju ya kukuua."

"Majaribio yako ilikuwa namuna gani?"

"Papa..."

"Nauliza. Ilikuwa namuna gani?"

"Na gunia ya viazi. Na abiria mumoja."

"Leteni gunia!" mzee akasema. Gunia likaletwa, likafungwa nyuma. "Na abiria. Sadrack, panda."

Sadrack akashika kiuno. "Patron, mugongo."

"Mugongo gani?"

"Huu wa nyuma."

"Éphraïm?"

"Mi' ni mutu wa soudure, patron. Kama hakuna soudure, sina kazi pale."

Mzee akawatazama watu wa ukutani. Ukuta ulikuwa umepungua. Akawatazama askari. Mmoja akakumbuka kwamba yuko zamu.

Hapo Kavuo akajifunga kitenge vizuri, akapita katikati ya watu na kupanda nyuma ya baba yake.

Hakuwa jasiri, tusimsingizie. Alikuwa amechoka kuogopa peke yake na alitaka baba yake aogope pamoja naye.

"Shuka," mzee akasema bila kugeuka.

"Majaribio inataka abiria."

"Kavuo, nasema shuka."

"Ju ya nini nishuke, papa?"

Mzee akapiga kiki. Injini ikawaka mara moja, watu wakapiga kelele, na Sadrack, kwa mazoea, akaimba mstari wa tangazo.

Mbele yao barabara iliteremka kati ya mikaratusi, ikapinda, ikapotea. Mzee alishika klachi. Kavuo alimshika kiunoni, kama alivyomshika zamani alipokuwa akipelekwa shule juu ya baiskeli ya makabichi. Akaweka mdomo karibu na sikio lake, asisikie mtu mwingine.

"Kama iko nguvu, twende," akasema. "Mi' sitashuka. Kama haiko nguvu, sema."

"Allez, papa, tokende, twende!" askari akapiga kelele.

Injini ikanguruma. Kavuo aliusikia mgongo wa baba yake ukipanda na kushuka ndani ya koti. Ukapanda, ukashuka.

Kisha Mzee Kahongya akageuza ufunguo. Injini ikazimika.

Alikaa pale juu ya jina lake mwenyewe la dhahabu, mikono kwenye usukani, hakuna aliyethubutu hata kutafuna. Akavua kofia.

"Ile tube ya chini, ile bomba," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ya redioni, "ni mimi njo nilisema batoe. Bachina baliuliza mara mbili. Mi' njo niliwaambia batoe. Nilisema Éphraïm iko."

Akafunika jina la dhahabu kwa kiganja.

"Sitapandisha mutoto wangu kwa hii kitu."

Kavuo akaweka paji la uso kwenye koti la baba yake. Alimpenda wakati ule kuliko alivyompenda kwa miaka mingi, akalia bila kuficha, mbele ya Rughenda yote.

Hakuna aliyecheka. Wale wa ukutani wakaanza kushuka polepole, mmoja mmoja, kama watu wanaotoka kwenye matanga. Kaswera alikuwa na kalamu mkononi lakini hakuandika kitu.

"Zile za Kasugho," mzee akasema, akishuka, sauti ikianza kumrudia, "zibaki kwa depo. Hakuna hata moja itatoka kabla Éphraïm azisuder zote. Garantie tutaichoma. Munasikia?"

Sadrack akakohoa.

Ndugu msomaji, nimemfahamu Sadrack tangu sura ya kwanza. Akikohoa hivi, huwa si kifua.

"Patron," akasema, "zile za Kasugho zilitoka jana."

"Zilitoka wapi?"

"Kwa depo, patronne alikwisha kurudi nyumbani. Camion ililala njiani. Asubuhi hii ilifika."

"Nani aliruhusu?"

"Weye, patron. Ulisema majaribio ni formalité, desturi tu."

Ilikuwa kweli. Alisema hivyo, tena alisema akicheka.

Kavuo alikwisha kutoa simu. Palikuwa na picha iliyoingia wakati injini ilipokuwa ikinguruma. Eliane, joho jeupe la kazi, kofia ya chuma kichwani, meno yote nje, juu ya Kahongya 200 nyekundu. Juu ya tangi yalionekana matone ya maji ya baraka. Nyuma yake amekaa mkunga, maman Séphora, mnene, amekumbatia sanduku la chanjo. Chini yake ujumbe kwa yaya wake, yaani dada yake mkubwa: "Yaya aksanti kwa nyekundu!!! Abbé, padri wetu, alikwisha kuibariki. Tunapanda kilima tuone vile inavuta."

Akapiga simu. Sauti ya mashine ikamwambia ajaribu baadaye. Akapiga tena. Ikamwambia vile vile.

Kaswera akaichukua simu, akaikuza ile picha kwa vidole viwili. Hakutazama pikipiki. Alitazama barabara iliyo nyuma yake, miti, kona, ukuta wa udongo.

"Najua hii nafasi," akasema polepole. "Unapanda hivi mpaka juu. Kisha ni muteremuko."

"Muteremuko gani?" mzee akauliza, ingawa alijua.

"Ule wa maharagwe, papa."

Mzee Kahongya akaishika kofia yake kwa mikono miwili, akaikunja.

"Mutoto wangu," akamwambia Kaswera, "uliuliza kwa gazeti yako kama kuko mumoja wa mabinti yangu anapanda hii moto."

"Papa, hapana sasa."

"Andika. Iko mumoja."

Kaswera akamrudishia Kavuo simu, akaingiza kalamu mfukoni. Akavaa kofia yake ya chuma, akaenda kwenye ile pikipiki ya kwanza, ile ya rangi mbichi.

"Éphraïm, iko essence ndani?"

"Tangi imejaa."

"Papa Melchior, panda."

Kasugho ni mbali, na kila aliyesimama pale alijua kwamba watakapofika litakalokuwa limekwisha kuwa. Mzee alipanda hivyo hivyo. Aliketi nyuma ya mtu aliyemharibia jina, akamshika mabega, na rangi nyeusi ya Éphraïm ikampaka suruali ya Misa. Hakuiona.

Kaswera alikwisha kupiga kiki simu ilipolia mkononi mwa Kavuo. Ilikuwa Eliane.

Akabonyeza ili wote wasikie.

"Yaya! Nimefika juu ya kilima, huku njo réseau iko! Ile picha uliiona?"

"Eliane, sikia..."

"Moto ni muzuri, yaya! Ambia papa. Inapanda ata na maman Séphora! Mais kuko kitu inalia chini ya moteur. Kama kengele ndogo hivi. Ni ya upya?"

Kaswera akazima pikipiki.

"Eliane, shuka kwa ile moto!" Kavuo akapiga kelele. "Shukeni bote babili! Eliane, unanisikia?"

"Allô? Yaya, sauti inakatika... Maman Séphora, weye unasikia kitu?... Bon, sisi tunateremuka, kule chini hakuna réseau. Tutaongea jioni."

"Hapana kuwasha!" Mzee Kahongya alikuwa ameruka chini, amemnyang'anya binti yake simu, anaipigia kelele kwa mdomo wote. "Eliane! Ni papa! Hapana kuwasha!"

Kwenye simu walisikia kicheko cha maman Séphora, upepo, kisha kiki. Moja tu. Injini ikawaka, kama tangazo linavyosema.